Daftari Nililolichoma

Kaka yangu Dishon Wekulo tulimzika kwetu Bungoma mwezi wa tatu mwaka huu, 1999. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku sita. Washirika wa kanisa letu la Kayole wameniomba niandike maisha yake. Mengi wanayajua: kwamba aliimba besi, kwamba alinilea na kunisomesha hadi kidato cha nne. Nitaandika jambo moja wasilolijua, kwa sababu kosa lilikuwa langu na sijawahi kulisema mbele ya watu.

Dishon alikuwa mwendeshaji wa kompyuta katika kiwanda cha sabuni, Industrial Area, upande wa Mukuru kwa Reuben. Kompyuta hiyo ndiyo iliyochapisha hati za mzigo, na bila hati askari wa getini hafungulii lori. Mwaka wa 1995 ilianza kuanguka. Haikuwa kama umeme kupotea. Skrini ilibaki ikiwaka, ila hakuna kitufe kilichofanya kazi, na juu yake ilijaa mistari ya herufi na namba.

Siku moja tukila alinieleza. "Ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kuna visanduku vidogo sana, na kila kimoja kimeshika namba. Kimojawapo kinaonyesha prosesa ilikuwa imefika wapi katika kusoma amri. Mfumo mkuu unapoanguka, jambo la mwisho unalofanya ni kuzitoa namba hizo kwenye skrini. Ukizima mashine, zimekwenda."

"Si ijiandikie yenyewe kwenye diski?"

"Nafasi iliyotengwa kwenye diski ni ndogo kuliko kumbukumbu ya mashine. Haitoshi. Kwa hivyo mimi ndiye diski," akasema, akacheka.

Alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita, lenye jalada la buluu. Kila mashine ilipoanguka, alinakili skrini yote kwa kalamu kabla ya kugusa swichi. Yeye na mwenzake wa zamu walikuwa na utaratibu wao: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika, kisha aliyeandika anarudia kusoma na mwenzake anakagua. Mtu akinakili peke yake macho huruka mstari.

Wakati huo kiwandani hawakumtakia mema. Mashine ilianguka zaidi katika zamu zake, na meneja, Bwana Magan, alishaamini kwamba Dishon ndiye anayeiharibu. Fundi wa kampuni iliyoiuza, Munyoki, alikuwa amesema, "Nileteeni skrini mbili zilizonakiliwa vizuri. Nikizilinganisha nitajua kama ni mashine au ni mtu; mashine mbovu hukwama mahali pale pale." Angekuja Jumatatu. Bwana Magan akamwambia Dishon kwamba Jumatatu hiyo hiyo ikipita bila jibu, asirudi tena kazini.

Sasa mkumbuke mwaka huo ulivyokuwa. Kila mahali watu walizungumza juu ya waabudu shetani. Ilisemwa wanaingia mashuleni, wanaingia makanisani, wana vitabu vyao vya siri. Katika kikundi chetu cha maombi, Dada Rispa alitufundisha kuchunguza nyumba zetu: pete usizozijua, picha, maandishi yasiyosomeka. Nilirudi nyumbani nikiogopa hata kivuli cha kanga iliyoanikwa.

Ijumaa hiyo nikifagia chini ya kitanda cha kaka, nililipata daftari. Alikuwa amenieleza kuhusu namba, lakini hakuwa amenionyesha. Nilifungua nikaona ukurasa baada ya ukurasa wa herufi zisizounda neno lolote. Hakukuwa na Kiingereza, wala Kiswahili, wala Kibukusu. Na katika ukurasa wa mwisho, katikati ya mstari, sita tatu zimefuatana, namba ya yule mnyama wa Ufunuo.

Nilimwita Dada Rispa. Aliliangalia akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kulishika.

"Nerima mpendwa, hii ni nini?"

"Ni ya kazini, dada. Nadhani."

"Kazini wanaandika sita sita sita? Amekuambia ni ya kazini, sivyo? Angekuambia nini kingine?"

Tuliomba. Kisha nikaing'oa karatasi ile yenye sita tatu ili nimwonyeshe mchungaji, nikalichoma daftari lililobaki kwenye jiko. Mchungaji alikuwa safarini. Karatasi nikaiweka ndani ya Biblia, nikiamini hapo haina nguvu.

Jumamosi Dishon alitafuta daftari. Aliinua godoro, akashusha masanduku, akauliza watoto wa jirani. Aliniuliza mara mbili. Nilisema sijui. Akarudi kupekua masanduku yale yale, na hapo nikaanza kuelewa kwamba lilikuwa la kazi kweli. Lakini sasa nilikuwa na hofu mbili: ya kile nilichokichoma, na ya kaka yangu.

Jumapili alikuwa zamu, peke yake. Baada ya ibada nilimfungia chakula nikaenda, Biblia kwapani, nimeazimia kuungama. Nilishuka matatu Barabara ya Lunga Lunga nikatembea hadi getini. Malori manane yalikuwa yamepanga foleni. Dereva mmoja, Owino, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori lake.

"Wewe ni wa kwa yule daktari wa kompyuta?" akaniuliza. "Mwambie mgonjwa asizirai leo, mimi nataka kufika Kisumu. Ama nimpeleke yeye hospitali?"

Wenzake wakacheka. Askari akanipitisha.

Nilimkuta Dishon ameketi mbele ya skrini, hagusi kitu. Nilimpa chakula, hakukifungua.

"Naiogopa ikianguka, Nerima," alisema. "Na naiogopa isipoanguka. Munyoki anataka mbili, mimi sina hata moja."

Nilifungua mdomo kumwambia. Printa ikanyamaza. Ilinyamaza katikati ya mstari, na skrini ikajaa.

Nilipiga ukelele. Zilikuwa zile zile herufi, sasa zinawaka zenyewe. Dishon aling'oa karatasi kwenye printa, akashika kalamu. "Nisomee. Anzia juu. Herufi moja moja, usikimbie."

"Siwezi."

"Nisomee, dada. Hakuna mwingine."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Magan. "Imekufa tena? Zima, washa!"

"Mzee, nipe dakika kumi."

"Kila siku andika, andika. Unaiandikia mashine barua?" Mkono wake ulikuwa unaelekea swichi. Dishon, ambaye sikuwahi kumwona akimpinga mtu mzima, alisimama mbele yake. Hakumgusa. Alisimama tu. "Mzee, ukizima sasa sitajua kamwe, na wewe hutajua kamwe. Kesho unifukuze, lakini leo niandike."

Nikaanza kusoma. Kila herufi niliyotamka nilihisi naalika kitu. Moyoni nilisema, Bwana Yesu, nifunike, kisha herufi, kisha Bwana Yesu. Nilifika kwenye mstari ulioandikwa EIP. "F, sifuri, sifuri, sita, sita..." Nikaacha kusoma.

"Endelea."

"Sita. Nne. Mbili."

Nilikuwa nazijua. Nilikuwa nimezitazama mara nyingi mno, nikilala na nikiamka. Tulimaliza, akarudia kusoma, nikakagua huku machozi yananitoka. Kisha, mbele ya Bwana Magan, nikafungua Biblia nikampa karatasi.

"Daftari nililichoma mimi," nilisema. "Nilidhani ni la shetani. Hii ndiyo karatasi iliyobaki."

Dishon aliipokea. Niliogopa atanipiga, ingawa hakuwahi kunipiga. Aliweka karatasi mbili sambamba mezani, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Mistari mingine ilitofautiana. Ule wa EIP ulikuwa sawa, herufi kwa herufi.

"Huu ndio unaoonyesha prosesa ilifika wapi. Mara zote mbili ilikuwa mahali pamoja," akasema taratibu. "Mzee, vidole vyangu haviwezi kufanya hivyo."

Bwana Magan alisema tu tuwashe, malori yanangoja.

Jumatatu Munyoki alichukua karatasi hizo. Alikuta mahali pale ni ndani ya programu ya kadi mpya, iliyochomekwa kwenye mashine ili kuunganisha skrini za stoo, stoo ambayo ilitumika zaidi katika zamu za kaka. Kadi ikatolewa. Dishon akabaki kazini hadi alipougua.

Jioni ile ya Jumapili tulitembea pamoja hadi stejini. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Uliogopa sana?"

"Sana."

"Ungeniuliza. Ningekuonyesha."

Karatasi mbili zile Munyoki alizirudisha, na kaka akanipa mimi. Ziko kwenye Biblia. Moja ni mwandiko wake wa haraka aliponakili nikimsomea. Nikizitoa, zile sita tatu bado hunishtua kwanza, halafu ndipo naiona mikono yake.