Kiponda na Bwawa Lake

"Mama Judy, hivi huyu Kiponda ni Mkristo, au ni mlinzi tu?"

Jirani yangu Dorcas aliniuliza hivyo tukiwa tumekalia mitungi, tukingoja zamu ya kuteka maji. Aliuliza kwa sauti makusudi, mzee asikie. "Kila Jumapili yumo kanisani, na ubatizo hana. Analinda maji ya watu, mwenyewe mkavu."

Mzee Kiponda alicheka tu, akaendelea kufunga miiba kwenye ua.

Bwawa letu liko bondeni, huku Mwakirunge ambako mfereji wa mji haujafika. Masika hulijaza, na Mungu akitujalia hutufikisha vuli. Ndiyo maji ya kunywa na kupikia. Wanakijiji walimkabidhi mzee ulinzi wake alipoacha ukuli bandarini. Ng'ombe aliwatengea birika lao nje ya ua. Sisi tunasimama juu ya jiwe, tunateka kwa kata. Mguu wa mtu hauingii majini, awe nani.

Kanisa letu hubatiza kwa kuzamisha, na kwa miaka mingi tumekwenda baharini kwa gari la kukodi. Siku hiyo kijiji huwa kitupu, na wenye ng'ombe wanajua. Kwa hivyo mzee alikuwa akibaki. Marehemu mkewe alibatizwa, na mzee alimwahidi kuwa naye atabatizwa. Nilipomuuliza mbona haendi, alinijibu, "Nitarudi nimetakasika, nikute mavi ya ng'ombe majini na watoto wanaharisha."

Mwaka huu nauli imepanda. Mchungaji Erastus akatangaza kuwa ubatizo utafanyika bwawani. Jioni alikuja mwenyewe hadi kwenye lango la miiba, tukiwa bado tunateka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Sasa udhuru umekwisha. Maji yamekufuata nyumbani."

"Yamenifuata, kweli. Lakini kesho yake yatanywewa."

"Yatakuwa yameombewa, mzee."

"Hata yakiombewa. Miguu ni miguu."

Dorcas akaguna. "Mfungulie mchungaji, baba. Ama wataka uzikwe hivyo hivyo, mkavu?"

Mchungaji hakucheka. Alisema yeye hana njia nyingine, na majina ya watakaobatizwa lazima yajulikane Jumapili. "Lako nimeshaliandika. Nilifute?"

Mzee alikuwa ameshika mti wa lango, na hakuufungua. Mimi ndoo yangu ilikuwa imejaa, lakini sikuinuka. Nilidhani atasema lifutwe, maana lango hilo halijapata kufunguliwa ili mguu wa mtu uingie majini, na sikuona litafunguliwa kwa wake.

Kisha akatugeukia sote, mchungaji na sisi wenye ndoo.

"Jina langu msilifute. Nichimbieni shimo hapa nje, chini ya ukingo, mtandike turubai, mlijaze kwa ndoo. Mnizamishe humo, na wenzangu pia. Mkimaliza, maji hayo muiachie migomba."