Tai wa Kamanga, Mama na Simu Yangu

Mama alipoanza kumimina chai nje ya kikombe, tulidhani ni mikono ya uzee. Dada yangu, anayeishi naye Kamanga, ng'ambo ya ziwa, ndiye aliyegundua kuwa mikono haikuwa na shida. Macho ndiyo yaliyokuwa yakififia. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, lakini kwa kuwa presha yake ilikuwa juu, upasuaji usubiri kwanza mpaka itulie.

Mimi ni fundi cherehani Buzuruga, upande huu wa mjini. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilipanda kivuko kwenda kumwona. Zamani ziara zangu zilikuwa fupi: shikamoo, nampa sukari na sabuni, nauliza habari za nyumbani, nawahi kivuko cha kurudi. Sasa mama alitaka nimshike mkono tushuke ufukweni, tukae juu ya mawe.

Alikulia kisiwani, nyumba ya wavuvi, na ndege wa ziwani aliwajua tangu utotoni. Siku hizi aliwasikia tu. Tai mvuvi, yule mwenye kichwa cheupe, alikuwa na mti wake mkavu karibu na maji. Kila alipolia, mama aliniuliza anafanya nini. Nilimjibu kuwa amekaa, au kwamba ameondoka. Sikuwa na mazoea ya kumtazama ndege.

Siku moja nilimpiga picha kwa simu akiwa mtini, nikaivuta mpaka ikajaa kioo, nikampa mama. Akaisogeza karibu na pua, akaigeuzageuza kutafuta mwanga.

"Kichwa nakiona," akasema. "Nipigie akiwa anaruka. Kukaa hata kuku anakaa."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Tai akiruka, mimi bado natafuta pa kubonyeza. Nikirudi nyumbani nakuta picha za anga tupu, au ncha ya bawa pembeni, au tawi linalotikisika. Nikimvuta kwa mbali, picha inakuwa chenga tupu. Mteja mmoja akanionyesha kwamba nikikishikilia kile kitufe bila kukiachia, simu inapiga picha mfululizo. Ikasaidia kidogo, ila sasa nilikuwa na anga tupu nyingi zaidi.

Mama alinisikia nikilalamika, akauliza upepo unatoka wapi. Nikamwambia unatoka ziwani.

"Basi ataondokea huko huko unakotoka. Ndege anaruka akiukabili upepo. Usimfuate yeye, elekeza simu mbele yake umsubiri."

Tukasubiri. Tai mwingine akaita kutoka mbali, juu ya maji. Wa kwetu akarudisha kichwa nyuma, akajibu. Mama alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande mmoja. Sauti ya tai ilipokatika tu, akanigusa goti.

"Sasa."

Nikabonyeza, nikashikilia. Mti ulipotulia nikafungua simu. Nyingi zilikuwa ukungu. Moja ilikuwa nzuri: mabawa yametanda, manyoya ya mwisho yameachana, miguu imekunjwa tumboni, maji yote yako chini yake. Nikaivuta nikampa mama.

Aliitazama muda mrefu, kipande kwa kipande. Kisha akanisimulia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Alipokuwa mtoto kazi yake ilikuwa kulinda dagaa walioanikwa juu ya mawe. Alishinda juani akiwarushia ndege vijiwe, na asipokuwa macho alichapwa.

"Utoto wangu wote niliwafukuza," akasema. "Sikuwahi kumwangalia hata mmoja."

Baada ya hapo tuliendelea Jumapili baada ya Jumapili, yeye akisikiliza, mimi nikibonyeza. Tulipata mnandi, yule mweusi anayezamia, tukapata yangeyange mweupe, tukamkosa mdiria, yule mdogo anayechupa majini kama jiwe, kila mara. Katikati ya kusubiri aliniambia habari za mama yake, za ndoa yake, za baba yetu alipokuwa kijana. Nisingejua kumuuliza mambo hayo. Presha ilipotulia alifanyiwa upasuaji, na bandeji ilipotolewa aliniambia kuwa nimekonda.

Ninamshukuru daktari, na dada yangu aliyemlazimisha kunywa dawa kila siku. Namshukuru Mungu pia kwa kule kusubiri, ingawa wakati ule nilikuwa nanung'unika.

Jicho la kushoto halikupona vizuri, analifumba anapotaka kuona vitu vya mbali. Jumapili iliyopita alinitaka nimfundishe kupiga picha. Akampata yangeyange, mkia tu, na nusu ya picha ni kidole chake mwenyewe. Ameniambia nisiifute.