Hamed bin Nani?

Nilitoka Ibra kwa ajili ya Mwalimu Seif, aliyenisomesha historia Tabora, na ambaye katikati ya miaka ya sabini alikuwa akiishi chumba cha nyuma nyumbani kwangu. Alirejea Omani bila karatasi. Ili apate pasi, ilimlazimu kwanza apate barua ya sheikh wa kabila lake, kule Adam, kwamba ni mtu wao. Bila pasi hawezi kumleta bintiye, aliyebaki Tabora peke yake.

Alfajiri tuliondoka na pikapu yangu. Fanja tulisimama kula tende. Mwalimu alipouona mtaa wa kale juu ya kilima, akachangamka.

"Kama ngome ya Swabia! Haya, wewe wa dawati la nyuma. Dyuki wa kwanza wa ukoo ule alilipataje jimbo?"

"Mwalimu, nina miaka arubaini na tatu."

"Jibu."

"Mfalme alimpa, pamoja na bintiye wa kuoa."

"Na wa mwisho?"

"Kijana wa miaka kumi na sita. Alikatwa kichwa Napoli, uwanja wa soko. Hakuacha mtoto, wenye nguvu wakagawana jimbo."

Akaridhika. Darasani tuliijua Swabia, jimbo lile la Wajerumani wa kale, mtawala kwa mtawala. Aliyekosea alipata kiboko kimoja. Aliyesema "sijui" alipata viwili.

Adam tulifika baada ya alasiri. Sheikh aliwahi kuwa na duka Bujumbura, akatukaribisha kwa Kiswahili. Kahawa, halua, habari za njiani; ndipo akauliza nasaba.

"Seif bin Nasser bin Hamed," akasema Mwalimu.

"Hamed bin nani?"

Baba yake Mwalimu alifariki yeye akiwa ananyonya. Nilimwona akikaza taya, kama sisi tulivyokaza mbele ya ubao.

"Bin Salim."

Sheikh akaweka kikombe chini, akamgeukia mzee aliyehifadhi nasaba zao. Mzee akatikisa kichwa, akasema maneno machache ya Kiarabu.

"Salim wa zama hizo tulikuwa naye mmoja," sheikh akatufasiria. "Hakuzaa. Nyumba yake imeanguka, mitende yake tumegawana."

"Labda nimekosea…"

"Wengi huja hawajui, ya ustadh. Tungeuliza huku na huku mpaka tumpate. Lakini aliyetunga jina nitamtilia saini vipi?"

Tulirudi kupitia Nizwa bila kusimama. Kulipokucha tulikuwa tunakaribia Ibra, na hapo ndipo aliposema:

"Vile viboko viwili. Wewe nilikupiga mara ngapi?"

"Nyingi, Mwalimu."

Akavitazama viganja vyangu kwenye usukani.

Alifariki kabla mwaka haujaisha, bintiye bado yuko Tabora. Nilipokwenda kuandikisha kifo, karani akaniuliza jina kamili la marehemu.

"Seif bin Nasser bin Hamed."

"Bin?"

Kalamu yake ilikuwa inangoja juu ya karatasi. Viganja vikaniwasha kama zamani. Nikasema, "Sijui."