Maji Kabla ya Mizani

Leo umeletwa mchele wa hitma ya mama, na harufu ya magunia mapya ya katani imejaa ukumbini. Inanirudisha kwenye shamba la mkonge, siku watu wa afya walipokuja kutupima uzito watoto.

Mnyapara alituwahi na ndoo. Alitunywesha maji kata baada ya kata, ili tuonekane wazito na isije ikasemwa kuwa posho ya unga haitoshi. Tumbo langu likakaza kama ngoma.

Zamu yangu ilipofika, bwana mganga akanishika mkono anipandishe kwenye mizani. Mama akanivuta.

"Huyu hapimwi. Kajazwa maji. Akojoe kwanza."

"Mama wee, utanikosesha kazi!" mnyapara akasema.

"Na wewe utanikosesha mtoto. Tangu lini maji yakawa nyama?"

Mganga akatazama saa. "Mama, gari linaningoja."

"Basi lingoje." Akaketi chini mbele ya mizani, miguu kainyoosha. Wanawake kwenye foleni wakacheka, kisha mmoja mmoja wakaketi nyuma yake.

Jua likapanda. Tukawa tunakwenda kukojoa nyuma ya banda, na kila aliyerudi mama alimminya tumbo kwanza. Mnyapara akachukua ndoo yake akaondoka.

Nilipopanda, mshale ulisogea kidogo tu.

"Mwepesi sana huyu," mganga akasema kwa sauti ya chini.

"Andika hivyo hivyo," mama akamwambia. "Halafu kawasomee wakubwa wako kwa sauti."