Siku wireless ya gitaa letu ilipoita jina la bibi harusi, Ugalla

Wakuu, salaam kwenu wote, pamoja na nyie mnaosoma kimya kimya bila kukoment.

Hili lilinikuta mimi mwenyewe, si la kusimuliwa. Sitaongeza chumvi, maana lenyewe lilishakolea.

Ilikuwa miaka ya tisini katikati. Mimi kijana wa Misunkumilo, pale Mpanda, shule niliishia la saba, lakini kichwani mwangu nilishakuwa mpiga solo wa kimataifa. Kila nikilala napanda ndege.

Bendi yetu ilikuwa na magitaa mawili, ngoma, amplifaya moja na jenereta lenye kikohozi. Kiongozi wetu alikuwa kaka Zabroni, mpiga besi. Kazi yake hasa ilikuwa dereva wa lori.

Siku moja akatoka safari na zawadi ya mgeni fulani wa uwindaji aliyependa muziki. Wireless ya gitaa.

Kwa asiyejua, ni vikasha viwili. Kimoja unavaa kiunoni, kina betri yake, unakichomeka kwenye gitaa, kinarusha sauti hewani kama kituo kidogo cha redio. Cha pili kinakaa kwenye amplifaya, kinapokea. Katikati hakuna waya.

Wakuu, nilichanganyikiwa kwa raha. Mazoezini nilikuwa natoka nje, nazunguka nyumba nzima, huku solo inalia ndani. Kuna siku Zabroni akaniambia, "We dogo, hicho kitu kimeletwa upige muziki, siyo uende nacho chooni."

Na gitaa lenyewe lilikuwa kuukuu. Ukiongea karibu na zile sumaku za chini ya nyuzi, sauti yako inatokea kwenye spika, nyembamba, kama umefungiwa ndani ya debe. Tulikuwa tunataniana nayo tu.

Sasa tukapata kazi ya harusi, kijiji kimoja karibu na mto Ugalla. Bibi harusi anaitwa Tekla. Baba yake, Mzee Sangu, alikuwa mrina asali, na aliingia porini peke yake kuleta asali ya kutengenezea wanzuki, ile pombe ya harusi.

Ilikuwa arudi katikati ya wiki. Sisi tumefika Jumamosi, hajarudi.

Vijana walishaenda mpaka kambini kwake wakakuta majivu ya baridi. Walishazunguka wakipiga mluzi, hola. Watu wanapika, wanachota maji, ila hakuna anayecheka. Tekla amekataa kufunga ndoa bila baba, na upande wa bwana harusi wameanza kunong'ona.

Aliyekuwa anaendesha shughuli ni shangazi yake Tekla, dada wa mzee. Akatuambia, "Fungeni vyombo vyenu. Wageni wasikae kama wako msibani."

Tukafunga. Jua la mchana linawaka. Nikavaa gitaa, nikawasha kikasha. Nyuzi sijagusa.

Spika ikafanya shiii, halafu ikatulia.

"Tekla."

Sauti ya mwanaume. Imechoka, inatoka mbali.

"Tekla."

Nikamwangalia Zabroni nikijua ananitania. Yupo kule kwenye jenereta, mikono imejaa grisi. Gitaa ninalo mimi na mdomo nimefunga.

Tekla akatoka jikoni, mikono ina unga. Akasema taratibu, "Hiyo ni sauti ya baba."

Hapa nisimame kidogo niwaeleze. Warina asali wa kule wana mwiko. Porini hawaitani majina, wanapigiana mluzi. Ukisikia jina lako na humwoni anayeita, huitiki. Anayeita siyo mtu, na ukiitika umempa njia ya kukufikia. Ndiyo maana wale vijana walimtafuta mzee kwa mluzi tu. Hakuna aliyethubutu kutaja jina lake.

Shangazi akasema, "Zimeni hilo dude."

"Shangazi, ni baba."

"Kaka yangu kazeekea porini. Leo ndio aite mtu jina? Zabroni, zima."

Zabroni akazima jenereta. Kimya kilichokuja pale, wakuu, hata kuku walisimama.

Tekla akanisogelea. Akaniuliza kama anayeita anaweza kusikia. Nikamwambia ukweli: kikasha changu bado kinawaka, ukiongea hapa kwenye nyuzi inakwenda hewani, ila inafika kwa nani mimi sijui.

Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye unga. Nikashindwa kumnyima. Nikainua gitaa mpaka usawa wa mdomo wake.

"Baba, ni Tekla. Upo wapi?"

Shangazi akajifunika khanga usoni. "Haya. Umeshafungua mlango."

Zabroni, bila kuambiwa na mtu, akavuta kamba ya jenereta. Likakohoa, likawaka. Spika ikafanya shiii ndefu.

"Nipo penye mzinga wa mama yako. Mguu umekataa."

Basi. Haikusema tena.

Mzinga wa mama yake ni ule mzee alioutundika mwaka aliooa. Uko upande wa juu wa mto, siyo upande wa kambi kabisa. Huko hakuna aliyekuwa ameenda kutafuta.

Tukapanda lori mpaka njia ilipoishia, tukaingia kwa miguu. Safari hii Tekla alikuwa mbele, anaita kwa sauti, "Baba Tekla! Mzee Sangu!" Vijana wanamfuata kwa mbali, na mimi nyuma yao.

Tulimkuta kabla jua halijazama. Alianguka kutoka mtini, mguu umevunjika, midomo imepasuka kwa kiu. Mluzi wa vijana aliusikia kwa mbali siku ile walipomtafuta, akajaribu kujibu, midomo ikagoma.

Nilitazama kila mahali pale chini. Hapakuwa na redio. Hapakuwa na mtu mwingine. Shoka, kamba, na debe la asali.

Mzee alikataa kupelekwa hospitali Mpanda kabla hajamkabidhi binti yake. Ndoa ikafungwa jioni ile, yeye amelazwa juu ya kitanda cha kamba uwanjani, anatabasamu kwa maumivu. Nilipiga kwa waya. Kile kikasha sikutaka hata kukishika.

Tulipokuwa tunampandisha kwenye lori nikamuuliza, "Mzee, pale chini ulimwita sana Tekla?"

Akanishangaa. "Nimwite? Mwanangu, porini hatuiti majina. Nililala kimya. Nikasikia binti yangu ananiuliza nipo wapi, ndio nikamjibu."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo walikuwepo nyuki tu."

Shangazi alikuwa amesimama pembeni, amesikia yote. Akanishika bega akasema, "Kilichoita usikitafutie jina. Kimeitikiwa, kimemrudisha kaka yangu. Kiache."

Wataalamu wa mitambo mtaniambia ni radio call za wawindaji zimeingiliana. Sawa, nakubali inawezekana. Ila ya nani, iliyokuwa na sauti ya mzee, na iliyomjua Tekla?

Nilichojifunza: ndugu yako akipotea, mtafute kwa jina lake, mwiko mtauombea msamaha akisharudi nyumbani.

Sasa semeni nyie wenyeji wa Ugalla, Magamba na kwingineko. Sauti ya mzazi wako inakuita kutoka kwenye spika, na shangazi anasema usiitike. Wewe ungefanyaje?