Jina Lililorudi Kila Jumatatu

Kazi ya kuhamisha seva niliambiwa ni ya wiki mbili. Ilichukua karibu miezi miwili, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Ofisi yetu ya Mtumba ilikuwa na seva inayotunza orodha ya watumishi wote, ili mtu akiwasha kompyuta asubuhi imtambue na kumkubali. Nyingine kama hiyo ilibaki kwenye jengo letu la zamani mjini. Zilinakiliana: ukibadilisha kitu huku, na kule kinabadilika. Zote mbili zilikuwa zimechoka, na orodha ilitakiwa ihamie kwenye mashine mpya. Mkuu wa kitengo, mwanamke niliyemzidi umri, alitoa sharti moja. Kabla ya kuhama, majina ya waliostaafu, walioacha kazi na waliofariki yafutwe.

Mke wangu alikuwa wa masjala, ofisi hiyohiyo. Alikuwa na miezi mitano kaburini.

Wengine wote niliwafuta Jumanne moja kabla ya chai. Lake nililiacha hadi Ijumaa jioni, watu walipokwisha kuondoka kwenda kwao Nkuhungu na Ipagala. Nikalifuta peke yangu, nikafunga mlango.

Jumatatu lilikuwepo.

Nikadhani nimekosea. Ijumaa nikalifuta tena, Jumatatu likarudi. Ijumaa ya tatu nikapiga picha ya kioo kwa simu, iwe ushahidi. Likarudi. Niliichukia mashine ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Elimu yangu ya kompyuta ni cheti cha mwaka mmoja. Nilisoma maelekezo mpaka macho yakauma, nisione panaposema marehemu atanirudia kila wiki.

Mkuu akaja mezani kwangu. “Kaka, wote wametoka. Limebaki moja, la wifi yangu.”

“Nimelifuta, bosi. Mara tatu.”

“Linajifufua?”

“Ndivyo ninavyoona.”

Akashusha sauti. “Tunakuelewa. Kama huwezi, sema tu, nimpe mwingine. Si aibu.”

Jirani yangu wa meza akajifanya anasoma. Mimi nina makosa mengi, lakini sijawahi kusema nimefanya kitu ambacho sikukifanya. Nikaenda mjini siku ileile.

Mhudumu wa jengo la zamani alikuwa anafuta ngazi. “Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Pole na msiba. Sikufika kuzika, miguu hii.”

“Asante mama. Ile mashine ya chumba cha nyuma, kuna mtu anaizima?”

“Mimi. Ijumaa saa nane, kabla sijaondoka. Soma tangazo lile: vifaa vyote vya umeme vizimwe mwisho wa wiki. Nazima feni, nazima birika, nazima na hiyo yenu inayonguruma. Mkurugenzi angekuwa na swichi, naye ningemzima.”

“Hiyo haizimwi, mama.”

“Nani aliniambia?”

Hakuna aliyemwambia. Tangazo tulilibandika sisi.

Nikaelewa. Seva ikifuta jina, hutunza kumbukumbu ya kufuta ili imwarifu mwenzake. Aliyezifunga zamani aliiacha kumbukumbu hiyo idumu siku moja tu. Ya mjini ililala tangu Ijumaa mchana. Ilipoamshwa Jumatatu, ujumbe ulikuwa umekwisha kufutika. Ikaliona jina kwake, ikaona Mtumba halipo, ikalirudisha kwa nia njema kabisa. Wale wa Jumanne walitoka kwa sababu siku hiyo mashine zote mbili zilikuwa macho. La mke wangu lilirudi kwa sababu nilikuwa nalivizia Ijumaa, nisionekane uso.

Jumatano saa sita mchana, ofisi imejaa, nilimwita mkuu asimame nyuma yangu. Nikalifuta. Tukaangalia ya Mtumba, tukaangalia ya mjini. Halikuwepo popote. Nikamweleza habari ya mhudumu.

“Nilikushuku,” akasema. “Nisamehe, kaka.”

“Hukukosea sana. Jumatatu ile ya pili nililiona saa mbili asubuhi. Ningeweza kulifuta palepale, nikaliacha mpaka Ijumaa. Kila nikifika nilikuwa nalifungua, naliangalia.”

“Hilo sikukuuliza.”

“Najua.”

“Basi hamisha.”

Nikaanza kuhamisha. Jirani yangu wa meza alikuwa anauliza nani anakwenda kula.