Ujumbe Ambao Germana Hakuufikisha

Nyuma ya soko la Karatu kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Germana. Watu walimjua kwa sare za shule zisizofumuka, na kwa ukali wa macho yake mtu akileta kitambaa kichafu. Alikuwa Mwiraqw wa upande wa Mbulu, akaolewa mjini, akazaa watoto wanne wa kiume, akafiwa na mume kungali mapema, akawalea wote kwa kukanyaga cherehani. Sasa walikuwa wametawanyika. Inosenti, wa kwanza, aliendesha magari ya watalii Ngorongoro na kupita nyumbani mara moja kwa mwezi, tena kwa haraka. Germana hakujaliwa binti.

Yeye ndiye aliyeanzisha kikundi cha Tuinuane. Siku moja msichana wa kidato cha kwanza aliingia kwake amejifunga sweta kiunoni, akakataa kukaa, akasimama ameegemea ukuta mpaka wateja wote wakaondoka. Germana alielewa bila kuambiwa. Alikata kipande cha flana, akashona pale pale, akampa. Wiki iliyofuata yule msichana akaja na wenzake. Basi Germana akawaita wanawake wa jumuiya yake ya kanisani, wakawa wanakutana kila Alhamisi alasiri, wanakata, wanashona taulo za kike za kufua, wanazipeleka mashuleni. Walifika Oldeani kwenye mashamba ya kahawa, na mara moja walifika mpaka Kakesio, njia ikawatikisa hata wakashuka wakiwa na rangi moja ya vumbi. Miaka sita ilikwenda hivyo. Wasichana walimwita Mama Taulo. Alijifanya halipendi jina hilo.

Kisha akaja Hamisa.

Hamisa, ambaye wengi walimwita Mama Yasmini, alikuwa mkunga mstaafu, mke wa Abbasi mwenye duka la vitambaa pale barabara kuu. Aliingia Alhamisi moja na chupa ya chai ya iliki na bakuli la vitumbua, akaketi kama aliyezoea, akasema, "Mimi jamani kushona sijui hata kidogo. Lakini kuongea na wasichana najua. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini." Wanawake wakacheka. Germana naye akacheka.

Ziara ya kwanza waliyokwenda naye ilikuwa shule moja ya Oldeani. Miaka yote Germana alikuwa akigawa vifurushi na kusema maneno mawili matatu macho yakiwa chini: "Mtumie, mfue vizuri, mwanike juani." Alilelewa katika nyumba ambamo mambo hayo hayatamkwi. Hamisa alisimama mbele ya darasa akayataja yote kwa majina yake. Akachora ubaoni. Akaigiza alivyolia yeye mwenyewe siku yake ya kwanza, akidhani anakufa, hata akaanza kugawa vitu vyake kwa wadogo zake. Wasichana walicheka mpaka machozi, halafu wakaanza kuuliza. Waliuliza maswali ambayo Germana hakuwahi kuulizwa hata moja. Wakati wa kuondoka walimsindikiza Hamisa hadi mlango wa gari, wakimng'ang'ania mikono, wakimwita Mama Nesi. Germana alibeba mabegi matupu peke yake.

Laurencia, katibu wa kikundi, alituma picha ya siku hiyo kwenye kundi la wasapu. Germana aliikuza kwa vidole, akajitafuta. Ulionekana mkono wake tu, umeshika begi.

Tangu hapo hakuwa na raha. Alianza kuangalia nani anakwenda kumsalimia Hamisa kwanza, nani anavuta kiti akae karibu naye. Vitumbua akavikataa, akisema mafuta yanamsumbua tumbo. Mtu akisema, "Tumngoje kidogo Mama Yasmini ndipo tuanze," alikanyaga cherehani kwa kishindo ili asisikie mengine. Aliporudi kutoka kanisani alijilaumu, maana Hamisa hakuwa amemkosea chochote. Na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Angepata kosa moja la yule mwanamke, dogo tu, angelala vizuri.

Faraja yake ilikuwa Goodness.

Goodness alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa vibarua wa kahawa Oldeani. Mimba ilimtoa shule akiwa kidato cha tatu. Alifika kwa Germana kujifunza kushona, mtoto mgongoni, akapewa chumba cha uani, akabaki. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Kola iliyomshinda fundi wa miaka kumi yeye aliikalisha mara moja. Mtoto wake Neema alijifunza kutembea kwa kushikilia miguu ya cherehani. Na Goodness alimwita Germana aayo, yaani mama kwa Kiiraqw, bila kuambiwa amwite hivyo. Moyoni Germana alikwisha kupanga: siku moja kibao cha mlangoni kingekuwa na majina mawili. Hakumwambia mtu.

Alhamisi moja alitoka kununua uzi. Aliporudi, kabla hajaingia, alisikia sauti ya Hamisa ndani.

"Sasa mbona jambo kubwa hivi hujamwambia Mama Inosenti?"

"Naogopa," alisema Goodness. Alikuwa analia, lakini ndani ya kilio kulikuwa na furaha. "Ataona sina shukrani. Lakini mama, mimi nataka kurudi shule. Nataka niwe nesi kama wewe."

Germana alisimama nje na uzi wake. Kwamba msichana anataka shule, hilo lisingemuumiza. Yeye mwenyewe alikuwa akiwahubiria wasichana wasome. Kilichomchoma ni yale maneno mawili ya mwisho. Miaka miwili anakula kwangu, alijiambia, mtoto wake namwogesha mimi, kumbe roho yake iko kwa mwingine. Alikohoa kwa nguvu, akaingia, akauliza kama kuna chai.

Hamisa alikuwa mtu wa vitendo. Baada ya siku chache alikuja na habari kwamba kuna chuo upande wa Mbulu kinachopokea wasichana waliokatishwa masomo, hata wenye watoto wadogo. Aliandika barua, akafuatilia, akampeleka Goodness kwenye mtihani wa kuingilia. Germana alisema, "Vizuri, Mungu awasaidie," na sauti yake mwenyewe aliisikia ikiwa baridi.

Majibu yakiwa bado, Hamisa aliitwa Kondoa, dada yake alikuwa mahututi. Jumamosi asubuhi alipiga simu. Goodness hakuwa na simu. Wote walimpata kupitia kwa Germana.

"Mama Inosenti, Goodness amechaguliwa! Mwambie Jumatatu saa mbili awe chuoni, na vyeti vyake. Asiyefika wanachukua mwingine. Mimi huku hali ni mbaya, simu nazima. Nakutegemea, dada yangu."

"Sawa," alisema Germana.

Goodness alikuwa uani anaanika nguo. Ilikuwa hatua kumi tu. Germana alijiambia amalize kwanza pindo alilokuwa nalo mkononi. Akalimaliza, akachukua jingine. Jioni alijiambia kesho baada ya misa. Jumapili msichana mwenyewe aliuliza, "Aayo, Mama Hamisa hajasema kitu?"

"Hajasema."

Neno lenyewe lilitoka jepesi, hata likamshangaza. Jumatatu saa mbili aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama Goodness akipiga pasi sare za watoto wa wengine. Akangoja kuhisi moyoni kwamba ameshinda.

Jumatano Goodness aliazima simu ya Laurencia akapiga chuoni. Waliomjibu walisema waliochaguliwa walikwisha kuripoti Jumatatu na nafasi zimejaa. Alirudi na uso mkavu. "Jina langu halikutoka, aayo," alisema. "Basi nitashona tu." Akakaa kwenye cherehani. Siku ile ile alimshonea mtoto wa watu shati lenye mikono miwili ya kushoto, yeye ambaye hakuwahi kukosea hata kishikizo.

Kwa hiyo Germana alipata alichokitaka. Msichana alikuwa pale asubuhi hadi jioni, hatua mbili kutoka kwake. Na chumba kilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Hata Neema alicheza bila kelele.

Alhamisi, Goodness alileta madaftari yake ya shule, kama saba hivi, akayaweka mezani. "Kata tu haya, aayo, yatafaa kutengenezea vipimo vya sketi." Akatoka kumchotea mtoto maji ya kuoga.

Germana alichukua mkasi. Daftari la kwanza lilikuwa la baiolojia. Alikuta moyo wa binadamu uliochorwa kwa penseli, mishipa imepakwa rangi mbili, na maandishi yaliyonyooka. Akafunua. Kila ukurasa una tarehe, mpaka ile ya siku ya mwisho aliyokaa darasani. Baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu. Alijaribu kukata, mkono ukakataa. Aliketi hapo mpaka Goodness aliporudi.

"Uliitwa," Germana alisema.

"Niliitwa wapi?"

"Chuoni. Mama Yasmini alipiga simu Jumamosi. Ulitakiwa ufike Jumatatu."

Goodness alisimama na mtoto mkononi. "Ulisahau?"

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi, angeweza kupita. Lakini alisema, "Sikusahau."

Goodness hakupiga kelele. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kumtambua aliyewahi kumwona mahali. Kisha akasema, "Nimekusikia, Mama Inosenti," akaenda zake uani. Jina hilo, ambalo mtaa mzima ulimwita, lilimpiga Germana kuliko kofi.

Kesho yake walikwenda chuoni wote wawili bila kusemezana njiani. Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke mwenye miwani, aliyechoka. Alisema nafasi hakuna.

"Kosa si la huyu," Germana alisema. "Mimi ndiye niliyeuficha ujumbe."

"Kwa nini ufanye hivyo, mama?"

"Wivu."

"Wivu kwa msichana huyu?"

"Kwa yule aliyempigania."

Yule mkuu alivua miwani, akaifuta. Mwishowe akaandika jina la Goodness juu ya orodha ya wanaosubiri, akasema, "Mwingine akitoka, huyu ndiye wa kwanza."

Hamisa aliporudi kutoka mazishini, Germana alimfuata dukani kwa Abbasi, akamweleza yote akiwa amesimama katikati ya majora ya vitenge. Hamisa alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa namuosha dada yangu," alisema polepole. "Katika yote niliyokuwa nayo, nilikukabidhi moja tu. Nenda, Mama Inosenti. Leo siwezi kukutazama."

Kwenye kikao kilichofuata Germana aliacha uenyekiti kabla hajaombwa, na wanawake wakamchagua Hamisa, mikono yote juu. Germana aliinua wake pia. Ulikuwa mzito.

Wiki ya tatu msichana mmoja aliacha chuo, Goodness akaitwa. Sare alijishonea mwenyewe. Asubuhi ya kuondoka alimkumbatia Hamisa kwa muda mrefu, kisha akampa Germana mkono, akasema, "Asante kwa kunifundisha kazi." Germana alimbusu Neema kichwani akaingia ndani upesi.

Hakuacha kikundi, ingawa wengi walidhani ataacha. Kwa miezi kadhaa Hamisa alimsemesha ya kazi tu. Halafu siku moja, bila utangulizi, alisema, "Safari ijayo ni Loliondo. Mimi nitaongea, wewe utawafundisha kushona, ili tukiondoka wabaki wanajua wenyewe. Tukipeleka vifurushi tu kila mwaka hatumalizi."

"Nitakuja," alisema Germana.

Huko Loliondo ilikuwa vile vile. Wasichana walimzunguka Hamisa, wakicheka, wakimvuta kanga, na Germana alikuwa na meza yake pembeni, roho ikimwuma kama siku ile ya kwanza. Kwenye meza yake walikuja wachache tu. Mmoja, jina lake Kakenya, aliuliza kwa aibu kama mtu wa mkono wa kushoto anaweza kushona.

"Anaweza," alisema Germana. Akazunguka meza, akakaa mkabala naye, ili msichana amwige kama anayejitazama kwenye kioo.